Barua ya wazi kwa waheshimiwa mlioko Dodoma: mtoeni polisi kwenye sheria kwanza, na sisi tutamtoa kwenye igizo

Mbukwenyi waheshimiwa,

Barua hii naiandika kwa wabunge wote mnaoingia Dodoma kikao kikianza, kwa waziri wa katiba na sheria, waziri wa afya, waziri mwenye dhamana ya sanaa, na kwenu nyie mnaogonga mihuri kwenye vibali vya maigizo. Najua barua ikiandikwa kwa watu wengi hivi kila mmoja anaona kaambiwa jirani yake, ndo zetu hizo, kwahiyo naomba kila mtu asome kama kaandikiwa peke yake. Ombi lenyewe ni kuhusu ile sheria inayomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu.

Mimi natengeneza maigizo hapa mjini Dodoma. Sio bongo muvi na sio vile vichekesho vya dakika moja vya kwenye simu, haya yetu ni ya mtaani, tunatandika mkeka, watu wanazunguka, watoto wanakaa mbele, tunacheza. Kikundi chenyewe kidogo, kuna mama ntilie, kuna kijana wa bodaboda, kuna wawili wamemaliza chuo wanasubiri ajira, na kuna akinamama wapiga muheme, ngoma yetu ya Wagogo, wanaotoka upande wa Chamwino siku tukipata nauli ya kuwaleta. Kazi zetu nyingi siku hizi ni za afya ya akili na haki. Naziweka pamoja makusudi maana ugomvi wetu unaanzia hapohapo, nyie hiyo ya kwanza mnaipenda, mkisikia ya pili mnakunja uso.

Ilikuwa hivi. Tulipeleka skripti kuomba kibali, ofisi siitaji, na baba aliyetupokea siwezi kumsema vibaya kwakweli, alitukaribisha, akatupa viti, akasoma skripti yote mpaka mwisho mbele yetu (mjue hilo ni jambo la ajabu, wengi wanaishia jalada). Akasema dada hii kazi nzuri sana, inaelimisha, huyu kijana mgonjwa mmemuandika vizuri, ila hii sehemu ya kituo cha polisi itoeni, wekeni daktari. Nikamuuliza kwanini mzee, akasema inaleta picha mbaya, nyie si mnazungumzia afya ya akili, basi bakini kwenye afya. Akachukua kalamu nyekundu akapiga mstari kurasa nne, taratibu kabisa, kama mwalimu anasahihisha insha.

Sasa hizo kurasa nne ndo igizo lenyewe. Zilizobaki zote kazi yake ni kuwafikisha watu pale.

Naomba niwasimulie kidogo maana wengi wenu hamjawahi kukaa kwenye mkeka wetu. Kijana hatujampa jina, anaitwa Dogo tu maana mtaani wote wanamwita hivyo. Anaendesha boda ya mkataba, hesabu elfu kumi kila siku, mvua ije jua liwake bosi anataka hesabu yake. Mama yake kachukua mikopo ya kausha damu, marejesho kila Jumatatu, akichelewa wanakuja kubeba mpaka sufuria. Wana shamba lao pembeni ya mji, lilishapimwa viwanja, fidia wanasubiri. Hilo la shamba watu wa hapa huwa hatuwaelezi, tangu mwaka 1973 ilipoamuliwa makao makuu yaje Dodoma mpaka leo mtu wa hapa akiona watu na bikoni shambani kwake usiku halali. Basi boda inaibiwa. Bosi anataka hela. Dogo anaacha kula, anaacha kupokea simu, anaacha kuongea, anakaa kitandani siku nzima kavaa helmeti kichwani. Hapo watazamaji wanacheka mwanzo, yaani kitandani na helmeti, halafu anakaa, anaendelea kukaa, sisi hatumuondoi, na kicheko kinaisha chenyewe bila mtu kuwaambia nyamazeni.

Kitu kingine ni mavazi. Watu wamezoea chizi wa kwenye maigizo lazima nguo zichanike, makopo kiunoni, anaongea na nguzo ya umeme. Dogo wetu kanyoa, shati safi, rifleketa imefuliwa. Siku moja Chang'ombe mzee mmoja akauliza kwa sauti katikati ya mchezo, sasa huyo mgonjwa mwenyewe anatoka saa ngapi? Watu walicheka sana lakini mi nilimuelewa, maana na sisi wasanii ndo tuliomfundisha hivyo miaka yote, tumewatumia wagonjwa kuchekesha watu mpaka mtu akiumwa kistaarabu, kimyakimya, haonekani anaumwa.

Halafu Dogo anajiumiza. Hatuonyeshi anavyofanya, hata kwa maneno hatutaji, hiyo ni kanuni ya kikundi na haina mjadala, maana kati ya wale waliokaa pale kuna mtu anapambana na jambo hilohilo na hatujui ni yupi. Hata Shirika la Afya Duniani linawaambia waandishi wa habari hivyohivyo. Muheme unapigwa, unakatika ghafla, mama anaingia anapiga yowe, majirani wanakuja wanambeba.

Sasa wanafika zahanati. Nesi anasema mama, PF3 iko wapi? Mnaijua hiyo fomu ya polisi nyote, hakuna Mtanzania asiyeijua. Mama anamuacha mtoto kwenye benchi anakimbia kituoni, askari wa kaunta anafungua daftari anamuuliza, ameumiaje?

Hapo tunasimamisha igizo. Mimi naingia katikati nawauliza watazamaji, mama ajibu nini? Kwasababu akisema ukweli anamshtaki mwanae kwa mdomo wake mwenyewe. Akidanganya, basi uongo huo unarudi nao zahanati, mganga anashona kidonda anampa vidonge vya maumivu anamwambia rudi baada ya siku tatu kubadilisha bandeji, na kile kilichomfikisha pale hakuna anayekigusa, anarudi chumba kilekile, kitanda kilekile.

Tumecheza hiyo sehemu Chang'ombe, Nkuhungu, Ipagala, na jibu la kwanza ni lilelile kila mahali: sema kaanguka na boda. Wanasema kwa haraka, bila kufikiri, yaani unaona kabisa ni jibu ambalo lilishatumika nyumbani kwa mtu.

Tulipoenda Hombolo akainuka bibi mmoja. Kwenye mchezo wetu mtazamaji akitaka anaruhusiwa kuingia kuchukua nafasi ya mhusika, aonyeshe yeye angefanyaje. Bibi akaja taratibu, akamvua dada yetu ile kanga ya mama, akaiangalia, akasema nani kakufunga hivi, akaikung'uta, akajifunga upya mwenyewe vizuri kifuani, na sisi wote tunasubiri. Akaomba kiti. Akasema siongei na serikali nimesimama, miguu inauma. Tukaleta kiti. Askari wetu (ndo yule kijana wa boda) akamuuliza tena, ameumiaje? Bibi akamwambia andika kajiumiza mwenyewe. Umeandika? Haya, sasa andika na walioanza kumuumiza. Akaanza kuwataja mmojammoja, mwenye boda, yule wa marejesho na jumla ya riba mpaka leo, aliyekuja na bikoni, na mwizi naye akamuweka, na kila jina anasubiri kwanza askari aandike, na yule kijana wetu kasahau kabisa kwamba tunaigiza anaandika kweli kwenye daftari. Alipomaliza akamwambia haya nisomee nisikie.

Hizo ndo kurasa nne mlizopiga mstari mwekundu waheshimiwa. Bibi hakuwepo kwenye skripti, ila ile nafasi ya kuinuka ilikuwepo humo.

Narudi kwenye ushauri wa kuweka daktari badala ya polisi. Mi nakubaliana nao kwa asilimia mia. Mtu aliyejaribu kujiua anatakiwa akutane na daktari, asikutane na kaunta ya polisi. Tatizo nyie mnataka tubadilishe kwenye igizo wakati kwenye sheria mmemuacha polisi palepale. Kifungu cha 217 cha Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, kinasema mtu anayejaribu kujiua ametenda kosa. Na kwavile adhabu yake haijatajwa hapo, inaangukia kwenye kile kifungu cha jumla cha 35, yaani mpaka miaka miwili jela, au faini, au vyote. Mtu kaamka hospitali bado kizunguzungu, wa kwanza kumuona anaweza kuwa askari kakaa pembeni ya kitanda. Sisi hatukutunga hilo. Mkilifuta leo, kesho asubuhi nafuta mwenyewe ukurasa wa kituo cha polisi, kalamu nyekundu ninayo.

Na tusiambiane kwamba hii ni mila yetu. Ni sheria ya mkoloni. Waingereza walituletea, halafu wao wenyewe kwao wakaifuta Agosti 1961. Sisi Desemba mwaka huohuo tukapandisha bendera, tukaibeba tukaingia nayo kwenye Uhuru, na mpaka leo tunayo, wenye nayo walishaitupa kabla hata hatujapiga fataki. Ghana walikuwa nayo ileile, bunge lao likaifuta 2023. Kenya hapo jirani Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu chao namba 226 kinakwenda kinyume na katiba. Sasa sisi tunangoja nini, au tunangoja nani?

Nimeshasikia wanaosema sheria ikitoka watu watajiua hovyo. Jamani. Mtu aliyefika pale hawazi miaka miwili ya jela, angekuwa bado ana uwezo wa kupiga hesabu za miaka miwili ijayo asingefika pale. Anayeiogopa hiyo sheria ni mama yake, ni mke, ni yule rafiki aliyeona meseji ya saa nane usiku akasita kuita watu. Ni mwalimu anayejua kuna kitu kwa mwanafunzi wake. Hao ndo wananyamaza. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 720,000 wanakufa hivi kila mwaka duniani, na kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Hao ndo walewale mnaowaita nguvu kazi ya taifa kwenye hotuba.

Niwe mkweli pia kuhusu polisi maana igizo letu halimfanyi askari kuwa shetani na watu wengi hawalioni hilo wakisoma skripti tu. Baada ya onyesho moja alikuja askari wa kweli, hakuwa kazini, kavaa jezi, akasubiri watu waondoke akaniambia dada, sisi tukiletewa mtu kama huyo tunamuweka mahabusu kwasababu ndo chumba tulichonacho, tukimuachia akaenda akafanya kweli nani anaulizwa? Sina cha kumjibu yule kaka. Yeye kapewa kazi ya daktari, nesi na ustawi wa jamii, na hajapewa kitu kingine chochote zaidi ya pingu na daftari. Na yeye angeshukuru mkimtoa.

Sasa nije kwenu wabunge. Bunge liko Dodoma. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko Dodoma, toka mwaka 1927. Isanga, wanakopelekwa wale ambao mahakama imetaka wachunguzwe akili au wametenda kosa wakiwa wagonjwa, iko hapahapa. Kwa boda hata mchana hauishi umeshazunguka zote. Hakuna mji Tanzania ambao watunga sheria na watu wanaoguswa na hizi sheria wako karibu kiasi hiki, lakini nikiuliza mbunge mmojammoja ameingia Mirembe mara ngapi bila kamera na bila katoni za sabuni za kugawa, naona mtaangalia chini. Na utani ndo huohuo mpaka mjengoni, mtu akisema jambo msilolipenda utasikia "huyu apelekwe Mirembe", meza zinagongwa. Sisi tuliozaliwa hapa tumekua na huo utani, ukifika Dar ukasema unatoka Dodoma mtu anakuuliza umetoroka au umeruhusiwa. Tunacheka nao. Ila wenzetu waliolazwa pale wakapona hawacheki, maana wakirudi kijijini hakuna anayewapa kazi wala mke, na wengine hata kurudi kwenyewe hawarudi, ndugu walimleta wakaacha namba ya simu haipatikani, mtu kapona yupo tu wodini hana pa kwenda.

Kuna kisa huwa nawasimulia wenzangu kwenye mazoezi. Mwaka 1973 kule Trieste, Italia, kulikuwa na hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, mkurugenzi wake daktari Franco Basaglia. Akamkaribisha mtu wa maigizo, Giuliano Scabia, na wasanii wengine, wakae humo ndani wafanye kazi pamoja na wagonjwa. Pale hospitali palikuwa na farasi wa kweli anaitwa Marco, kazi yake ilikuwa kuvuta mkokoteni wa nguo za kufua. Basi wagonjwa na wasanii wakatengeneza farasi mkubwa wa mbao na karatasi, rangi ya buluu, wakampa jina lake, Marco Cavallo. Mwezi wa pili wakaamua kutoka naye mtaani, maandamano, wagonjwa, manesi, madaktari, wasanii. Wakafika mlangoni, farasi hapiti. Mrefu kuliko mlango. Ikabidi wavunje ndo watoke. Miaka mitano mbele, Mei 1978, Italia ikapitisha sheria namba 180 iliyoanza kuzifunga zile hospitali za kufungia watu na kupeleka huduma mitaani kwao.

Msiniwekee maneno mdomoni, sisemi Mirembe ifungwe, hapana, kwetu Mirembe ikifungwa leo watu wataishia kwenye minyororo nyumbani na kwenye vibanda vya waombeaji, bora waiongezee. Ninachosema ni kwamba pale Trieste daktari hakumuita msanii aje atumbuize wagonjwa wakati wa sikukuu. Alimpa nafasi humohumo ndani, na alichotengeneza msanii kilikuwa kikubwa kuliko mlango na hakuna aliyemwambia apunguze farasi. (Sisi tungetengeneza ng'ombe bila shaka, tena mwenye pembe ndefu, mlango ungekuwa na kazi.)

Na kuna huyu Augusto Boal wa Brazil, ambaye huu mtindo wetu wa kusimamisha mchezo mtazamaji akaingia tumejifunza kwake. Serikali ya kijeshi ilimkamata mwaka 1971, ikamtesa, akakimbilia nje. Aliporudi, miaka ya 90 akagombea udiwani Rio de Janeiro akapata. Akaingia na kikundi chake chote cha maigizo ofisini. Wakawa wanacheza mitaani, watu wanainuka wanaonyesha wangefanyaje, yale yanaandikwa, yanapelekwa baraza la jiji kama mapendekezo ya sheria, na 13 zikapita. Sasa fikirini lile daftari la bibi wa Hombolo. Lingekuwa Rio lingefika barazani. Hapa liko kwenye begi langu la mavazi.

Kila mwaka tarehe 10 Oktoba ikikaribia, siku ya afya ya akili duniani, simu yetu inaita sana. Tunaombwa igizo la dakika kumi na tano, liwe na ujumbe, lisiwe refu, mgeni rasmi ana ratiba. Tunapewa fulana na kofia. Posho inategemea. Tunapanda baada ya hotuba ya pili na kabla ya ile ya tatu, maiki moja tunapokezana, jua la Dodoma mnalijua, watu wanaangalia lilipo turubai la chakula. Tunaambiwa hamasisheni watu wajitokeze kupata msaada. Tunahamasisha. Kisha mtu anajitokeza kweli, kila onyesho lazima aje mmoja baada ya watu kutawanyika, anakuvuta pembeni, dada mdogo wangu yuko vile yule Dogo, tumpeleke wapi? Na mimi ni msanii jamani, nina kanga na ngoma. Namwambia Mirembe. Anaogopa hilo jina kuliko ugonjwa. Namwambia basi zahanati ya kata, naye anarudi wiki ijayo ananiambia walimpa panado.

Hilo waziri wa afya ni la kwako. Tupe nesi mmoja tu wa afya ya akili akae na sisi kwenye mkeka siku za maonyesho, kwenye kiti cha plastiki, hana haja ya kuhutubia, abaki nusu saa watu wakitawanyika. Na kwenye zahanati za kata awepo angalau mtu mmoja anayejua kuuliza maswali zaidi ya "unaumwa wapi". Sheria ya Afya ya Akili tunayo tangu 2008, inakaa kwenye makabati.

Kwa waziri wa sanaa nina mengi nafupisha. Michezo ya jukwaani inaongozwa na sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976, na baraza la sanaa lina ya kwake ya 1984. Sijasema zifutwe. Ila sheria hizo zikishughulika na sisi zinatuona kama tuna ukumbi, tiketi na mlango wa kuingilia, wakati sisi tuna mkeka na mwenyekiti wa mtaa ametukubalia tucheze karibu na kisima. Kila mara skripti, kila mara ada, kila mara foleni. Halafu igizo la aina yetu nusu yake linaandikwa na watazamaji palepale, nitakuleteaje skripti ya bibi ambaye hajainuka bado? Wekeni utaratibu wa vikundi vya mtaani, kibali kimoja cha mwaka, na mkaguzi akitaka kukagua aje akae akague palepale na akitaka kuinuka ainuke. Na mkoa huu uliomtoa mwanamuziki Hukwe Zawose, watu wake wanacheza na kuimba kuanzia wakiwa mgongoni, bado sijaona humu jengo hata moja la maigizo, kumbi ninazozijua ni za harusi na semina. Mikopo ya wasanii nashukuru ipo, ila igizo la bure la mtaani linarejesha mkopo kwa kuuza nini? Mtatufanya tuingie kausha damu na sisi tukaishia kitandani na helmeti.

Kwa waziri wa katiba na sheria na wabunge, ni mstari mmoja. Ile miswada ya marekebisho ya sheria mbalimbali huwa mnaileta mara kwa mara, vifungu vya hapa na pale vinarekebishwa kwa pamoja bila kelele. Kwenye mmoja wa hiyo wekeni kwamba kifungu cha 217 kinafutwa. Tume ya Kurekebisha Sheria ipo, kazi yake ndo hiyo, muulizeni. Kamati ikiita wadau kutoa maoni tutakuja, tutakuja na daftari la bibi kama ushahidi na mkitaka tuwachezee hizo kurasa nne palepale kwenye chumba cha kamati tutawachezea, hatuhitaji seti, tunahitaji kiti kimoja na meza ambayo nadhani mnazo.

Kibali kipya tumeomba, skripti tumepeleka tena na zile kurasa zimo, hatukutoa hata neno. Tukipewa tutaanza Nkuhungu Jumamosi saa kumi jioni, jua likishapungua. Atakayekuja naomba aache gari barabarani atembee, maana likiingia shangingi watoto wote wanalikimbilia na mchezo unakufa. Mkeka ni wa wote, kaeni popote, ila ile sehemu ya mbele kulia ni ya akinamama wa muheme, hiyo hawampishi mtu hata awe nani.

Wenu,
mtengeneza maigizo wa Dodoma